Daftari la Kiangazi

Majirani walikuwa wakimtania kwamba ameolewa ukewenza na gari. Hawakukosea sana. Kila alfajiri, kabla hajagusa chai, mumewe alitoka uani, akafungua boneti, akainama na kuanza kulijulia hali: "Umeamkaje, bibie? Maji yapo? Oili ipo? Mkanda haujalegea?" Mke alimsikia kupitia dirisha la jikoni, naye akajibu kwa sauti, "Mke mwenzangu hajambo! Njoo, chai inapoa." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Mume alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu, bila jina. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye mstari wa manjano ubavuni na pedali mbili za breki: moja ya dereva, na ya pili miguuni pa abiria wa mbele, pale alipokaa yeye. Mwanafunzi akichanganyikiwa, Mwalimu anakanyaga yake na gari linasimama. Lakini kwa kukanyaga alikuwa bahili. Alikaa amekunja miguu chini ya kiti kama mtoto aliyechelewa darasani. "Mwalimu anayekanyaga ovyo," alisema, "anafundisha woga, hafundishi udereva." Alipomfundisha mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa mwisho, aliikanyaga mara tatu tu. Ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Ya pili ilikuwa ya mtu wa baiskeli. Ya tatu hakukuwa na kitu barabarani, na alipoulizwa alisema alitaka gari lisimame kidogo apate kumtazama dereva.

Kisha akafariki, msimu wa mvua, kwa ugonjwa wa siku nne.

Gari likabaki uani miezi minane. Mjane alilifunika turubai. Kila Jumamosi alilifunua, akaliosha, akaliwasha kwa robo saa, akalizungusha hadi sokoni na kurudi, akalifunika tena. Watu walidhani anatunza kumbukumbu. Kumbe alikuwa anasoma. Mwezi uliopita alikuwa amefaulu mtihani wa ualimu wa udereva, na cheti kilikuwa kabatini chini ya mashuka. Wanawake wanane walikuwa wamekwisha kumwomba awafundishe, wakiwamo muuguzi wa zamu, mwoka mikate, mama mmoja mwenye watoto mapacha. Alichosubiri ni kiangazi kiishe, afungue shule upya.

Ndipo shemeji yake alipokuja, mdogo wa marehemu. Alikuwa na duka la vigae, na hata salamu aliitoa kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Shemeji, nimekuja kuhusu lile gari."

"Lile gari lina nini?"

"Halina kitu, ndiyo tatizo. Limekaa tu. Gari si cherehani, shemeji, kwamba utalifunika kitambaa likusubiri. Mimi nitalichukua, nitoe ile pedali ya ajabu, nitie kiti cha maana, lifanye kazi."

"Lina kazi. Nitafundishia."

"Wewe?" Akacheka, si kwa ubaya, na hilo likamuuma zaidi. "Shemeji, wewe hujawahi kutoka nje ya mji. Mwanafunzi akikuuliza mlima unapandwaje, utamwambia nini? Umepanda ngazi?"

Kadi ya gari ilikuwa kwa mama mkwe, kwa sababu gari liliandikwa jina lake tangu siku liliponunuliwa. Basi wakampigia simu wote wawili, wakaiweka mezani isikike. Bibi aliishi nyanda za juu, safari ya saa tano: kwanza tambarare kavu isiyo na mti, kisha mlima wa kona ishirini na saba. Aliwasikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mwanangu wa kiume, wewe tangu utoto ukipewa kitu unakivunja, ukinyimwa unalia. Na wewe mwanangu wa kike, nakupenda, lakini mapenzi hayapandi mlima. Nileteeni gari hapa mwezi huuhuu wa jua. Aendeshe mwanamke, mwanamume akae kando awe shahidi. Likifika mlangoni kwangu bila kuvutwa, na bila mwanamume kushika usukani hata hatua moja, kadi ni ya mke. Mwanamume akiushika, ni yake. Na mkinipigia simu tena kwa jambo hili, nitaliuza nifugie kuku."

Akakata.

*

Mjane alilijua daftari tangu zamani, ila hakuwahi kulifungua. Lilikaa kwenye droo ya dashibodi, limekunjamana, lina alama za kidole gumba chenye oili. Jalada lilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: KIANGAZI. Ndani mlikuwa na kanuni ishirini na mbili kwa mwandiko wake wa kuinama kulia. Alisoma tatu, akashindwa, akalifunga. Ule haukuwa mwandiko tu, ulikuwa sauti.

Akapeleka gari gereji. Fundi waliyemzoea aliitwa Haraka, kwa sababu haraka hakuwa nayo hata ya kuazima. Alilizunguka gari mara mbili kabla ya kuligusa. Alibonyeza hozi za maji kwa kidole, moja ikabonyea kama andazi. Akaukunja mkanda wa feni, ukaonyesha nyufa. Akapiga magoti kwenye matairi.

"Haya mawili ya nyuma yabadilishwe."

"Yana meno mazima, fundi."

"Meno mazima, mwili mzee. Tazama." Akamwonyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na vijiufa vyembamba kama vya kisigino kikavu. "Jua limeyala yakiwa yamesimama. Tambarare ile lami inachemka. Hili litapasuka ukiwa unaimba."

Kisha, injini ikiwa baridi, akafungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoozea injini, na kuchovya kidole. Kilitoka na maji ya rangi ya chai iliyolala.

"Haya yamechoka, mama. Tuyamwage, tusafishe, tutie dawa mpya."

"Usiyaguse."

Haraka akainua kichwa.

"Aliyatia yeye," mjane akasema. "Kwa mkono wake. Hiyo hozi badilisha, mkanda badilisha, matairi badilisha. Maji yaache."

Fundi naye alikuwa amefundishwa kuendesha na Mwalimu. Hakubishana. Alifuta kidole taratibu kwa kitambaa, kama mtu anayefuta chozi la mtoto wa jirani. "Sawa, mama. Sitayagusa. Ila mlima hautauliza aliyeyatia ni nani."

Alasiri hiyo mjane alikaa kizingitini na daftari mapajani. Alijilazimisha. Kanuni ya kwanza: upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kivulini, ukipima mchana tairi linakudanganya. Ya pili: usijaze zaidi eti kwa sababu ya safari. Ya nne: kioo cha mbele kisuguliwe ndani pia, jua la usoni likikutana na vumbi unageuka kipofu. Akafika ya saba.

*Dawa ya rejeta: miaka miwili, basi. Ikigeuka rangi ya chai, mwaga hata kama uliitia jana. Usimwage uani! Ni tamu, paka hulamba, na ni sumu. Tia kwenye galoni, mpelekee Haraka. Usionee huruma maji. Onea huruma injini na waliomo ndani.*

Pembeni Mwalimu alikuwa ameandika tarehe aliyoitia. Ilikuwa imetimiza miaka miwili na mwezi mmoja. Yaani angekuwa hai, mwezi uliopita angeimwaga mwenyewe huku anapiga mluzi.

Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfika magotini. Kesho yake alikuwa gereji kabla Haraka hajafungua mlango.

"Mwaga," akamwambia.

Alishika beseni mwenyewe. Maji yalitoka mekundu, mazito, yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Alilia bila sauti. Haraka akajipa kazi ya kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake, na aliitafuta muda mrefu sana, mpaka mama wa watu akamaliza.

*

Walipatana kuondoka saa kumi na moja alfajiri, wavuke tambarare kabla jua halijapata nguvu. Saa kumi na moja mjane alikuwa tayari: upepo umepimwa, tairi la akiba limepimwa pia, galoni la maji ya gari, galoni la maji ya watu, pembetatu ya tahadhari, vipande viwili vya gogo. Saa kumi na mbili alikuwa tayari. Saa mbili alikuwa tayari. Shemeji alitokea saa tatu na nusu, miwani nyeusi usoni, shati lina mikunjo ya pasi inayoweza kukata mkate, viatu virefu vya ncha.

"Nilikuwa napiga pasi," akasema.

"Unapiga pasi shati au barabara?"

"Shemeji, mtu haendi kuchukua gari lake akiwa amekunjamana."

Mjane alirudi ndani kufunga milango. Alipotoka alifanya kama daftari lilivyosema katika kanuni ya kumi na moja: rudi nyuma hatua kumi, litazame gari kama unavyomtazama mtu anayetembea, uone kama linachechemea. Akatazama. Akasimama.

"Shemeji. Gari limechuchumaa."

"Limechuchumaa vipi? Gari lina magoti?"

"Fungua buti."

"Ni vizawadi vidogo vya mama."

Ndani ya buti mlikuwa na maboksi tisa ya vigae, yaliyopakiwa mjane alipokuwa ndani.

"Mama anajenga nini?"

"Aa, hivi si vya mama hasa. Vya bafu langu la kule juu. Nimeona safari ni moja, barabara ni ileile..."

"Shusha."

"Nishushe nusu?"

"Shusha vyote. Jua hili, mlima ule, matairi yale. Mzigo ukizidi yanachemka kutoka ndani."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye gari."

Shemeji alishusha maboksi tisa mwenyewe, na shati likapoteza mikunjo miwili.

*

Tambarare iliwapokea kama mdomo wa tanuri. Mbele lami ilimetameta kama ina maji, wakiisogelea inakauka. Mjane aliendesha mwendo mmoja, mikono yote miwili, macho yakishuka kwenye mshale wa joto kila baada ya muda kama mama anayechungulia mtoto aliyelala. Mshale ulikuwa katikati, umetulia.

"Konokono amekupungia mkono," shemeji akasema.

"Mrudishie salamu."

Kila baada ya saa mbili alisimama, penye kivuli pakipatikana. Alishusha vioo kidole kimoja, akaweka kadibodi kwenye kioo cha mbele.

"Gari nalo linavaa kofia!"

"Kunywa maji, shemeji."

"Sina kiu."

"Ukisubiri kiu umechelewa. Kanuni ya kumi na nne."

Alikunywa, akanung'unika, akanywa tena. Mwanamume huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na huzuni yake pia, ila yeye huzuni yake ilivaa miwani.

Saa saba na nusu wakafika chini ya mlima. Ulisimama mbele yao kama ukuta uliofungwa mkanda wa kijivu, na ule mkanda ndiyo barabara. Kona ya kwanza walipita shemeji akiongea. Kona ya tatu, upande wake ukawa upande wa korongo, akanyamaza. Kona ya tano akauliza kama mlango wake umefungwa. Kona ya saba hakuuliza kitu. Alishika mkanda wake wa kiti kwa mikono miwili na kutazama mbele kama mtu anayesomewa hukumu.

Ilikuwa baada ya kona ya tisa mjane alipohisi gari limekuwa zito. Alikuwa gia ya tatu, likawa linagoma. Akatia ya pili. Likapanda, lakini kwa kujivuta, kama linakokota kitu. Akazima kiyoyozi. Mshale ulikuwa umetoka katikati. Ulikuwa unapanda pole pole, bila aibu, kama mgeni anayeelekea chumbani.

"Kuna harufu," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua. Mjane akapitia kila kitu kichwani: maji mapya, hozi mpya, mkanda mpya, oili iko kwenye alama. Nimekosea nini? Au ni yale maji, ningeyaacha? Wazo hilo lilimjia kama mzaha mbaya, akalifukuza.

"Unaona?" Shemeji alipata ulimi wake. "Linakufa hili. Simama, nipishe. Mlima unataka mtu anayeujua."

"Subiri."

"Litaungua, shemeji! Utaliua gari la kaka yangu mbele ya macho yangu! Nipe usukani, yaishe!"

Na hapo ndipo palipokuwa pachungu. Kama gari linakufa kweli, kuling'ang'ania ni kuliua. Na akimpisha, hata hatua moja, shule imekwisha, na wale wanawake wanane, na pedali itang'olewa kama jino.

Nyuma yao lori lilikuwa likipiga honi. Lilikuwa limeanza kona mbili nyuma. Mjane alidhani dereva anataka kupita, naye barabara ilipopanuka akasogea. Lori likapanda sambamba nao, dereva akachungulia kutoka juu, kitambaa shingoni.

"Dada! Taa zako za breki zinawaka tangu kule chini! Unapanda mlima umekanyaga breki?"

Akapita.

Mjane alitazama miguu yake. Wa kulia ulikuwa kwenye mafuta. Wa kushoto ulikuwa umepumzika pembeni. Hakuna uliokuwa kwenye breki. Na hapo akaisikia sauti, si ya mzimu, sauti tu ya mtu aliyekaa naye miaka kumi na tisa, ikisema jambo alilomwambia kila mwanafunzi aliyelalamika kwamba gari ni bovu: *kabla hujalaumu gari, tazama miguu.*

Akageuza macho upande wa abiria.

Kiatu kirefu cha ncha kilikuwa juu ya pedali ya pili. Goti la shemeji limenyooka, mguu umekaza kama nguzo. Mtu mzima alikuwa amepanda kona tisa za mlima akishika breki ya mwalimu kwa woga, bila habari.

"Shemeji."

"Nini?"

"Mguu wako."

Shemeji akatazama chini. Akautazama mguu wake kama mtu aliyekuta kiatu cha mgeni kitandani. Akaunyanyua. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

"Mimi... nilikuwa nimeuegemeza tu."

"Umeuegemeza kilomita nane."

*

Alitafuta mahali tambarare, mbali na kona, akaegesha. Hakuvuta breki ya mkono. Kanuni ya kumi na tisa ilisema breki iliyochemka ukiikaza inaweza kuganda. Aliacha gari kwenye gia, akashuka na vipande vyake viwili vya gogo, akavikaza nyuma ya matairi. Akafungua boneti. Magurudumu ya mbele yalifuka moshi mwembamba.

Shemeji alikuja mbio na galoni la maji.

"Weka chini!"

"Yanaungua!"

"Ukimwagia maji chuma kilichochemka kinapasuka. Weka chini. Na ukigusa kifuniko cha rejeta nitakukata mkono mimi mwenyewe, usisubiri mvuke."

Akaliweka.

"Chukua hii pembetatu. Tembea hatua hamsini nyuma, uiweke wanaopanda waione."

"Hamsini?"

"Hesabu kwa sauti."

Akaenda, viatu vya ncha kwenye kokoto, akihesabu kwa sauti. Mjane alimsikiliza mpaka thelathini na nane, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa mvua alicheka hadi akaegemea boneti, na boneti ikamchoma, akacheka zaidi.

Walisubiri dakika arobaini chini ya kivuli cha jabali, na mjane akamtajia wanawake wanane wanaomsubiri awafundishe. Shemeji alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa vumbi.

"Alinifundisha mimi kwanza," akasema. "Kabla hajawa mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilifika mlima huu, kona ya tatu, nikasimamisha gari katikati ya njia nikalia. Akaendesha yeye mpaka nyumbani. Hakumwambia mtu hata siku moja."

"Hata mimi hakuniambia."

"Sijawahi kuupanda mlima huu nikiendesha, shemeji. Napanda basi. Nakaa upande wa ukuta."

Mjane akamtazama. Kwa hiyo hata angepewa usukani, asingefika popote.

"Na ulisema nikupishe!"

"Nilijua hutakubali," shemeji akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naomba Mungu usikubali."

Magurudumu yakapoa. Mshale ukashuka hadi mahali pake. Mjane alipima breki kwa kukanyaga mara kadhaa gari likiwa limesimama, akaondoa magogo, kisha akafungua mlango wa nyuma na kuushikilia kama wanavyofanyiwa wakubwa.

"Karibu, mheshimiwa. Miguu yako na pedali yangu vitaonana tena siku nyingine."

Shemeji akaingia nyuma, akafunga mkanda.

Sasa gari lilipanda. Gia ya pili, gia ya tatu, sauti ya injini nzito na safi, kona ya kumi, kona ya kumi na tano. Kwenye kona ya ishirini, nyuma ya lori la tangi la mafuta lililotambaa kama kobe, mshale ukaanza kunyanyuka tena kidogo. Jua lilikuwa kali, upepo hakuna, na kulipita tangi haikuwezekana. Mjane alikumbuka kanuni ya ishirini na moja, ile ambayo Mwalimu aliipigia mistari miwili. Akashusha vioo vyote, kisha akawasha hita, akaifungua mpaka mwisho.

Hewa ya moto ikajaa gari.

"Shemeji!" sauti ikapaa kutoka nyuma. "Unawasha nini? Unataka kunikaanga?"

"Joto likija kwetu linaondoka kwenye injini!"

"Na sisi je?"

"Sisi tuna maji ya kunywa!"

Shati la pasi likakata tamaa kabisa, likamganda mwilini kama ngozi ya pili. Mjane jasho lilimwingia machoni. Mshale ukatetemeka, ukafikiri, ukashuka. Kona ya ishirini na tatu. Ya ishirini na tano. Tangi likasogea pembeni. Kona ya ishirini na saba ilifunguka kama mlango, na upepo wa baridi wa nyanda za juu ukaingia kwa vioo vyote vinne kwa pamoja. Akazima hita. Shemeji akapiga kelele ya furaha kule nyuma, kelele ya mtu wa miaka kumi na saba, akapiga makofi kwenye kiti. Mjane naye akapiga honi ndefu, na hakukuwa na mtu barabarani wa kupigiwa.

Baada ya kilele kulikuwa na mteremko mrefu hadi mji alikoishi mama mkwe. Akauteremka kwa gia ileile aliyopandia, injini ikilishika gari, mguu wake ukigusa breki kwa uchache, kama mwalimu wake alivyogusa yake.

*

Mama mkwe alikuwa barazani, bakora magotini. Gari lilisimama mlangoni kwake saa kumi na dakika chache. Bibi hakuwasalimu kwanza. Alishuka ngazi, akaliendea gari, akaweka nyuma ya kiganja kwenye boneti kama anayepima homa. Akainama, akanusa gurudumu. Akamtazama mwanawe aliyekuwa anatoka kiti cha nyuma, amelowa kama aliyeokolewa mtoni.

"Wewe umeogelea?"

"Nimeshuhudia, mama."

"Umeshika usukani?"

Hapo mjane akageuka kufunga mlango wa gari. Aliyepaswa kujibu hakuwa yeye.

"Sijaushika, mama," shemeji akasema. Akameza mate. "Nilishika breki. Kona tisa. Nusura niliue gari, yeye akalifufua. Mpe kadi. Na mimi..." Akajikuna shingo. "Mimi niandikwe wa tisa."

"Wa tisa wa nini?"

"Wa wanafunzi wake. Nimechoka kukaa upande wa ukuta."

Bibi akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyofifia, akaitia mkononi mwa mkwe wake, akakifunga kiganja chake kwa viganja vyake viwili. "Nilijua mafunzo ya mwanangu hayakupotea," akasema. "Njoo ndani, mwanangu. Umeungua uso wote."

Alfajiri iliyofuata, kabla ya chai, mjane alitoka uani kwa mama mkwe. Kulikuwa na baridi, na gari lilikuwa na umande. Akafungua boneti, akainama.

"Umeamkaje, bibie? Maji yapo? Oili ipo?"

Kutoka dirisha la jikoni sauti ya kizee ikajibu, "Hajambo! Njoo, chai inapoa."

Alisimama kidogo, mkono kwenye chuma. Kisha akafungua droo ya dashibodi, akatoa daftari na kalamu, na chini ya kanuni ya ishirini na mbili, kwa mwandiko wake ulionyooka, akaandika:

*23. Abiria wa mbele aangaliwe miguu.*

Akapiga mstari mmoja chini yake. Akafikiri, akaongeza wa pili. Akaenda kunywa chai.